Maji ya mgodini yamalizwe juu, kabla hayajafika kwenye pampu

Ukiuliza habari za maji kwenye mgodi wa wazi, aghalabu utapelekwa kuonyeshwa pampu: pantoni inayoelea, mota ya kilowati mia na ushee, bomba jeusi linalopanda ukuta wa shimo. Kwenye mitaro ya juu hupelekwi. Huko nyasi zimeota, tope limejaa, na pengine mtaro wenyewe ulishakatwa na barabara mpya ambayo mchoro wa maji hauijui. Nionavyo mimi, shimo linalofurika huwa limeanza kufurika huko juu, miezi kadhaa kabla ya mvua. Pampu inabebeshwa kazi ambayo haikuwa yake.

Hesabu kwanza

Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10. Mengine yote hujengwa juu ya hapo.

Chukua shimo la hekta 40. Mwamba uliochongwa haunywi maji mengi, kwa hiyo tuseme asilimia 90 ya mvua itafika chini. Ikinyesha milimita 80, sakafu ya shimo inapokea mita za ujazo 28,800. Pampu ya lita 100 kwa sekunde huondoa mita za ujazo 360 kwa saa, hivyo itahitaji saa 80, zaidi ya siku tatu bila kuzimwa, na mvua nyingine isije katikati.

Sasa weka juu ya shimo hilo kilima cha hekta 90 chenye nyasi, ambacho asilimia 40 ya mvua yake hutiririka. Piga hesabu uone: mita za ujazo 28,800 tena. Kilima kikiachwa kimwage maji yake shimoni, siku tatu zinakuwa karibu saba. Mtaro mmoja wa kukinga juu ya shimo unaiondoa nusu hiyo yote bila tone la dizeli.

Ukubwa wa mtaro haupatikani kwa jumla ya mvua, unapatikana kwa kasi yake. Kanuni inayotumika kwa maeneo madogo ni hii: zidisha sehemu ya mvua inayotiririka kwa kasi ya mvua (milimita kwa saa) kwa hekta, kisha gawa kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Kilima chetu kikinyeshewa kwa kasi ya milimita 50 kwa saa kinatoa 0.4 × 50 × 90 ÷ 360, yaani mita za ujazo 5 kwa sekunde. Kasi unayoiweka humo ni ya mvua inayodumu muda ule ambao maji huchukua kutoka pembe ya mbali kabisa ya kilima hadi mtaroni. Kwa eneo kama hili muda huo ni dakika, haufiki siku. Hapa ndipo watu hukosea vibaya: wanachukua milimita 80 za siku nzima, wanagawa kwa saa 24, wanapata milimita 3.3 kwa saa, na mtaro unatoka mdogo mara 15 kuliko unavyotakiwa. Kwenye karatasi kila kitu kinaonekana sawa.

Halafu kuna suala la mvua ya miaka mingapi. Mvua ya miaka 100 si mvua inayokuja mara moja kisha ikapumzika karne nzima. Ni mvua yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Kwa mgodi utakaoishi miaka 20, uwezekano wa kuiona angalau mara moja ni asilimia 18. Mtaro wa muda ndani ya shimo utakaodumu miaka miwili tu, ukijengwa kwa mvua ya miaka 10, una uwezekano wa asilimia 19 wa kuzidiwa. Hatari hizo mbili karibu zinalingana, ndiyo maana kipimo cha mvua huchaguliwa kwa kuangalia kitu kitaishi muda gani na kikivunjika kitamdhuru nani. Mtaro wa muda ukifurika unapoteza zamu moja ya kazi. Tuta la bwawa la tope, yaani bwawa la mabaki ya mtambo wa kuchenjua madini, likifurika, hesabu ni ya watu.

Mtaro wa kukinga

Tuendelee na zile mita za ujazo 5 kwa sekunde. Mtaro wenye kitako cha mita 1.5, kuta zinazolala mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo, mteremko wa asilimia 1 na ukiwa umetandikwa mawe, utabeba kiasi hicho maji yakiwa na kina cha sentimita 85. Ongeza sentimita 30 za akiba, na upana wa juu unafika mita 6 na kidogo. Si mchirizi wa kuchimbwa kwa jembe jioni moja. Na kwa kuwa mawe nayo yanachukua nafasi, uchimbaji lazima uzidi vipimo hivyo kwa unene wa tabaka la mawe pande zote. Mkandarasi asiyeambiwa hili huchimba vipimo vya mwisho, kisha hutandika mawe ndani, na robo ya mtaro au zaidi imeshaondoka kabla ya mvua ya kwanza.

Maji humo yatakwenda karibu mita 1.8 kwa sekunde. Udongo wa kichanga huanza kuliwa kabla ya mita 1 kwa sekunde, na hata mfinyanzi mgumu hauvumilii kasi hiyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo mawe ni ya lazima: yenye pembe, si ya mviringo ya mtoni, ukubwa wa sentimita 15 hadi 20, unene wa tabaka mara mbili ya jiwe la kati. Chini yake weka kitambaa cha kuchujia au tabaka la kokoto. Bila hicho maji hupita katikati ya mawe, hunyonya udongo wa chini, na mawe hudidimia yakiwa mazima. Ukikagua kwa macho utaona mawe yapo, kumbe yameshuka nusu mita. Na usichukue mawe hayo kwenye rundo la kifusi bila kupima. Kifusi chenye salfidi (madini ya salfa) kitakugeuzia mtaro wa maji safi kuwa kiwanda cha asidi.

Tope ni mwizi mkimya. Mtaro uleule ukijaa sentimita 30 za tope kitakoni, uwezo wake unashuka kutoka mita za ujazo 5 hadi 3.3 hivi kwa kiwango kilekile cha maji. Theluthi imekwenda, na mtu anayepita na gari anaona mtaro mpana, wa kuridhisha. Ndiyo sababu ukaguzi wa mitaro ufanywe kwa fimbo ya kupimia iliyopigwa mistari, na kina kiandikwe kwenye daftari kila mita 50. Kuangalia kwa dirisha la gari si ukaguzi.

Mahali pa mtaro pana uzito kuliko hata ukubwa wake. Ukiuchimba karibu mno na ukingo wa shimo, siku ukuta utakapoanza kusogea nyufa zitaukata mtaro na maji yote yataingia ndani ya nyufa. Ufa wenye kina cha mita 10 ukijaa maji husukuma ukuta kwa nguvu ya takriban tani 50 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Ukijaa nusu tu, msukumo ni robo ya hapo, kwa sababu nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kina. Hivyo ufa ukionekana juu ya ukingo, kazi ya siku hiyohiyo ni kuuziba kwa mfinyanzi ulioshindiliwa na kuyageuza maji yanayouelekea, hata kabla mhandisi wa miamba hajamaliza kupima mwendo wake.

Kuhusu kutenganisha maji sitakaa sana, kwa kuwa kila kanuni ya migodi inalitaja: maji safi ya kilimani yaende mtoni bila kugusa mgodi, maji machafu yabaki ndani ya mfumo. Kanuni ya Afrika Kusini ya mwaka 1999, iitwayo GN 704, inataka mfumo wa maji machafu usimwagike kwenye mfumo safi zaidi ya mara moja katika miaka 50, na mabwawa yake yawe na kimo cha akiba, yaani nafasi kati ya maji na kilele cha tuta, cha angalau mita 0.8. Ni kipimo kizuri cha kuanzia hata mahali ambapo sheria iko kimya. Sababu yake ni ya kihesabu: ukichanganya maji safi na machafu hupati maji nusu machafu, unapata maji machafu mengi zaidi ya kutibu.

Barabara ya kushukia

Barabara ya malori inayoshuka shimoni ndiyo mto mkubwa kuliko yote siku ya mvua. Ina mteremko wa asilimia 10 hivi na uso ulioshindiliwa hadi ukawa kama sakafu. Ilazwe asilimia 2 hadi 3 kuelekea upande wa ukuta, na mtaro uwe hapo kwenye mguu wa ukuta, usiwe upande wa ukingo. Kila ngazi kubwa ya ukuta wa shimo, maji yatolewe barabarani na kuelekezwa kwenye sampu, yaani shimo la kukusanyia maji, ya ngazi hiyo, yasiachwe yakusanyike hadi chini kabisa. Maji unayoyakamata mita 60 juu ya sakafu ni maji usiyoyapandisha mita hizo 60.

Tuta la usalama pembeni mwa barabara, ambalo kwa kawaida hupewa kimo cha angalau nusu ya gurudumu la lori kubwa kuliko yote, huwa bwawa lisilokusudiwa. Maji husimama nyuma yake, hulainisha barabara, kisha hupasua mahali pasipotarajiwa na kula ukingo. Acha matundu ya kutolea maji yaliyopangwa, kila moja likiwa na mawe chini yake na upana usioweza kupitisha gurudumu. Greda ndiyo adui wa matundu haya. Dereva akisawazisha barabara asubuhi anayaziba yote bila kujua, kwa hiyo yawekewe vigingi vyenye rangi.

Kalavati chini ya sentimita 60 usiliweke hata kama hesabu inaliruhusu. Haliwezi kusafishwa, na jiwe moja lenye ukubwa wa kichwa linalifunga.

Sampu na pampu

Sampu ichimbwe kabla ya ngazi mpya kufunguliwa, si baada ya maji kutokea. Njia ninayoiamini kwa msimu wa mvua ni kuiacha sakafu ya shimo kwa viwango viwili: nusu moja ishuke ngazi moja chini ya nyingine, ipokee dhoruba, huku kazi ikiendelea kwenye nusu ya juu. Pamoja na hilo, mbale (mawe yenye madini) ya miezi ya mvua isitegemee sakafu peke yake. Pawepo na sehemu za kuchimba kwenye ngazi za juu na akiba kwenye lundo la mtamboni. Mpango wa uchimbaji unaoweka mbale yote bora chini ya shimo katikati ya masika ni kosa la maji ambalo limefanywa na mpangaji wa uzalishaji, na hakuna pampu itakayolirekebisha.

Sasa pampu yenyewe. Tuseme lita 100 kwa sekunde zipande mita 100 kwa bomba la mita 1,200. Bomba la plastiki gumu lenye kipenyo cha ndani cha milimita 250 linakula mita 16 za msuguano. Ukiweka la milimita 200 kwa sababu ndilo lililokuwa bohari, msuguano unafika mita 48. Kimo cha jumla kinatoka mita 116 hadi 148, na kwa ufanisi wa asilimia 70 nguvu inayohitajika inapanda kutoka kilowati 163 hivi hadi 207. Mota iliyonunuliwa kwa hesabu ya bomba la kwanza haitatoa lita 100 kwenye la pili. Kwa sababu hiyohiyo, kuongeza pampu ya pili kwenye bomba moja hakuleti mara mbili ya maji: msuguano hupanda karibu na mraba wa mtiririko, na pampu zote mbili huishia kusukumana. Ukitaka mara mbili, laza bomba la pili.

Mita 148 ni shinikizo la karibu bari 15, na mtu atasema bomba la daraja la PN16, la kuhimili bari 16, linatosha. Daraja hilo limepimwa kwa nyuzijoto 20. Bomba jeusi likilala juani likafika nyuzijoto 40, linabakiwa na takriban robo tatu ya nguvu yake, yaani bari 12 kasoro. Kisha ongeza pigo la maji pale umeme unapokatika ghafla na safu nzima kurudi chini. Sehemu ya chini ya bomba ndiyo inayobeba shinikizo kubwa, kwa hiyo huko liwe zito zaidi, na juu linaweza kuwa jepesi. Weka vali ya kuzuia kurudi karibu na pampu, na vali za kutolea hewa kwenye kila kigongo cha bomba, la sivyo hewa iliyonaswa itapunguza maji nawe utamlaumu mtengenezaji wa pampu.

Pampu inayovuta kutoka juu ya maji ina kikomo ambacho wengi hukisahau wakiwa nyanda za juu. Usawa wa bahari hewa inasukuma safu ya maji ya mita 10.3, kwenye mwinuko wa mita 1,500 inasukuma mita 8.6 tu. Ukishatoa msuguano wa bomba la kuvutia na mahitaji ya pampu yenyewe, mita 6 za mvuto zilizofanya kazi pwani zinakuwa 4 na kidogo. Dalili ya kuzidisha ni sauti ya kokoto ndani ya pampu, na propela inayotoka ikiwa na vishimo. Dawa yake ni kuishusha pampu kwenye pantoni, au kutumia ya kuzamisha.

Hitilafu zinazosimamisha pampu katikati ya dhoruba zinajirudia mno: kiungo cha kebo kilichofanywa haraka na kikazama, chujio lililozibwa na plastiki na nyaya za kulipulia baruti, swichi ya kuelea iliyonasa kwenye tope, pampu kukauka na kuunguza sili, na jopo la umeme kuwekwa mahali pa chini kwa sababu kebo ilikuwa fupi. Hilo la mwisho linaudhi kuliko yote, maana maji yakipanda ndilo linalozama la kwanza, na pampu nzima, salama, inakaa juu ya maji bila kazi. Jaribio la kabla ya msimu liwe la saa kadhaa chini ya mzigo kamili, kwa kimo halisi. Kuiwasha dakika 5 na kuona maji yanatoka hakuonyeshi joto la mota wala kiungo kinachovuja. Na pawepo angalau pampu moja ya dizeli, kwa kuwa radi inayoleta mvua ndiyo inayokata umeme.

Maji yaliyotoka yaende wapi

Maji ya shimo hubeba mashapo, mafuta na naitreti kutoka kwenye baruti iliyoyeyuka. Mwongozo wa mwaka 2007 wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) kwa uchimbaji unataka yanayotolewa nje yasizidi miligramu 50 za mashapo kwa lita, na pH iwe kati ya 6 na 9.

Bwawa la kutulizia hupimwa kwa eneo la uso wake. Kina kinasaidia tu kuhifadhi tope. Chembe ya milimita 0.02 hushuka kama milimita 0.36 kwa sekunde. Kwa lita 100 kwa sekunde unahitaji mita za mraba 278, nami ningeweka mara mbili kwa sababu maji halisi hayatembei sawasawa. Lakini chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002 hushuka polepole mara 100, na eneo linakuwa hekta 2.8. Ndiyo maana bwawa linalofanya kazi vizuri kwenye mchanga hushindwa kabisa shimo linapofika kwenye mwamba uliooza wenye mfinyanzi. Hapo kuchimba bwawa kubwa zaidi ni kupoteza fedha: jaribu dawa ya kugandisha chembe kwenye mitungi kwanza, upate kipimo, kisha uidondoshe mahali maji yanapochafuka, kabla ya bwawa. Urefu uwe angalau mara tatu ya upana, maji yaingie ncha moja na kutoka ncha nyingine. Tope lizolewe likifika theluthi ya kina.

Chini ya ardhi

Tarehe 16 Aprili 2022 mvua kubwa ilishusha maji ndani ya mgodi wa zinki wa Perkoa, Burkina Faso, na wachimbaji 8 wakafa. Mlango wa kuingilia chini ya ardhi ukiwa ndani ya shimo la wazi, shimo lote ni faneli yake. Kwa mpangilio wa namna hiyo, barabara ipande kidogo kabla ya kushuka mlangoni ili pawepo kizingiti, mtaro wa kukata upite mbele yake, na sampu yenye nafasi ya dhoruba nzima ikae chini ya usawa wa kizingiti. Mashimo ya hewa yainuliwe kingo zake juu ya kiwango cha mafuriko. Mashimo ya zamani ya utafiti yajazwe saruji, kwa kuwa kila moja ni bomba lililo wazi kutoka juu hadi chini.

Kitu kilicho juu ya mgodi pia kinahesabika. Mufulira, Zambia, tarehe 25 Septemba 1970, tope la bwawa lililokuwa juu ya machimbo lilipenya na kushuka chini, likaua watu 89. Na ramani mbovu ni hatari inayojitegemea: mwaka 2002 huko Quecreek, Pennsylvania, wachimbaji walitoboa mgodi wa jirani ulioachwa na kujaa maji, ambao ramani ilionyesha uko mbali. Wale 9 walionaswa waliokolewa wote. Panaposhukiwa kuwa na machimbo ya kale, toboa tundu refu la kutangulia kabla ya kusogeza uso wa kazi, tena kupitia bomba lililofungwa kwa saruji lenye vali inayohimili shinikizo. Kila mita 10 za maji ni bari 1; maji yaliyosimama mita 150 juu yako yatatoka kwa bari 15, na kwa mkono huyazibi.

Bwawa la tope

Jioni ya tarehe 22 Februari 1994 huko Merriespruit, Afrika Kusini, mvua ya takriban milimita 50 ilitosha kupasua tuta na kuua watu 17. Mvua hiyo haikuwa ya ajabu. Bwawa lilikuwa limetumika kuhifadhi maji ya ziada, kimo cha akiba kilikuwa kimeliwa, na ziwa lilikuwa limeegemea tuta.

Jiometria yake ni rahisi. Ufuo wa tope, yaani tope lililo wazi kati ya maji na tuta, wenye mteremko wa asilimia 1 humezwa mita 50 kila maji yanapopanda nusu mita. Wenye asilimia 0.5 humezwa mita 100. Kwa hiyo anayetazama kimo cha maji peke yake anaona nusu mita na kutulia, huku ufuo uliokuwa unalilinda tuta ukiwa umekwisha. Pima vyote viwili kila siku, kwa vigingi vya umbali vilivyopigwa ufuoni. Pizomita (vipimo vya shinikizo la maji) ndani ya tuta zisomwe pamoja, na mchirizi unaotoka mguuni mwa tuta ukianza kutoka na rangi ya udongo hiyo ni dharura ya saa ileile: tuta linaliwa kutoka ndani. Kiwango cha kimataifa cha mabwawa haya, kilichotolewa Agosti 2020, kinataka bwawa ambalo kupasuka kwake kungeleta madhara makubwa kupita yote lihimili mafuriko yenye uwezekano wa 1 kwa 10,000 kwa mwaka.

Mgodi ukikosa pa kuweka maji ya shimo, kishawishi cha kwanza ni kuyapeleka bwawa la tope, kwa kuwa bomba lipo na nafasi inaonekana kubwa. Mrejesho wa mtambo, maji yanayobaki yamefungwa ndani ya tope, uvukizi, mvua: vyote viandikwe kwenye mizania ya kila mwezi, na ruhusa ya kuongeza maji ya shimo itoke kwa mhandisi wa bwawa. Msimamizi wa zamu hana mamlaka hayo.

Nani aseme tokeni, na lini

Mpango wa dharura unaosema "maji yakifika kiwango fulani tutoe mitambo" mara nyingi hautekelezeki. Pima. Sampu ina nafasi ya mita za ujazo 6,000, na shimo letu likipokea mita za ujazo 5 kwa sekunde itajaa kwa dakika 20. Ekskaveta ya minyororo hutembea kilomita 2 kwa saa. Ikiwa mahali salama ni kilomita 1 juu ya barabara, inahitaji dakika 30, na dereva hajapewa bado hata muda wa kuinua ndoo. Kwa hiyo amri itokane na kipima mvua cha kilimani na mawingu yanayokuja, si kiwango cha sampu. Mwenye zamu awe na mamlaka ya kuitoa bila kupiga simu kwa mtu yeyote.

Mvua ikipita, kazi ya kwanza ni kukagua kuta, ndipo pampu. Maji yaliyosimama shimoni yanaziegemea kuta. Ukiyashusha haraka, maji yaliyoingia ndani ya mwamba yanabaki bila kitu cha kuyapinga, na ukuta uliosimama wakati wa mafuriko unaanguka wakati wa kukaushwa. Kasi ya kushusha iamuliwe na mhandisi wa miamba kwa kusoma pizomita, na pawe na siku za kusimama na kusoma tena. Kwenye ukuta unaojulikana kushika maji, matundu ya kuutoa unyevu yanayotobolewa yakielekea juu nyuzi 3 hadi 5 huanza kulipa gharama yake katika wiki hizo.

Chini ya ardhi, maji yaliyosimama huacha hewa isiyo na oksijeni na wakati mwingine gesi ya salfidi ya haidrojeni, ambayo hutoka zaidi maji yanapotikiswa na pampu. Kipima gesi kitangulie kila hatua kuelekea ukingo wa maji. Mota, kebo na majopo yaliyozama yasiwashwe kwa kuonekana makavu: yapimwe kizuizi cha umeme kwa mega (kifaa cha kuonyesha kama umeme unavuja), yakaushwe, yapimwe tena kesho yake, ndipo umeme urudishwe jopo moja baada ya jingine.